Mbeta Kwenye Handaki la Nyaya

Mkaguzi Longinus Gama hakubisha hodi. Alisimama mlangoni mwa ghala la zamani la kukaushia chai, akaitazama ndege iliyolijaza ghala kutoka ukuta hadi ukuta, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole:

"Kumbe ni kweli. Wahehe mmechoka kula mbwa, sasa mnataka kula ndege."

Twilumba Kikoti alikuwa amelala chali chini ya kiti cha rubani, miguu nje, kichwa ndani, nati mbili ameziuma kwa meno. Alizitema kiganjani bila haraka.

"Na Wangoni mmechoka kukimbia kwa miguu. Ndiyo maana umekuja kuomba lifti."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana. Tangu babu zao walipopigana mpaka wakachoshana, Mhehe na Mngoni ni watani, na utani una sheria zake. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na wewe unacheka. Mtani anakukwapulia kitu chako na kukificha mpaka ukikomboe. Na siku ukifa, mtani ndiye anayeshuka kaburini kabla yako, anaketi humo kama mwenye nyumba, anakataa kutoka mpaka ndugu zako wamlipe. Wazee wa Mufindi waliliona kaburi ambalo mtani hakulishukia kuwa shimo tu, tena la kuaibisha.

Twilumba alijitoa chini ya kiti kwa kuburuza mgongo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi kichwa kizima, mwenye mikono kama ya wanaume wawili. Ujanani alikuwa fundi wa kuunga nyaya za chuma zilizokuwa zikishusha magunia ya chai kutoka mlimani hadi kiwandani. Alipenda kusimulia kwamba siku moja waya ulikatika akiwa katikati ya bonde, akazishika ncha zake mbili, moja kwa mkono na nyingine kwa meno, akaziunga hukohuko hewani huku magunia yakiendelea kupita juu yake. Waliokuwepo siku hiyo wote walikuwa wamekwisha kufa, jambo ambalo lilimfaa sana.

Ndege aliiita Sikomi. Mbao za bawa zilikuwa za msonobari, kitambaa kilikuwa cha mahema, na injini ilitoka kwenye mashine ya kukamua alizeti. Chombo cha aina hiyo hakikuwa kimeonekana kwa muda mrefu. Vyombo vya wakati ule havikuwa na waya hata mmoja wa kuvutwa kwa mkono. Viliongozwa na Msimamizi, mashine isiyolala iliyoangalia anga yote ya nchi kupitia minara yake, na abiria kazi yake ilikuwa kutazama dirishani. Lakini kulikuwa na kifungu kimoja cha sheria, cha zamani na kilichosahauliwa, kilichoruhusu mtu kujiundia ndege ya nyaya, mradi tu nyaya zote zipite kwenye Ngumi.

Kwenye vitabu vya serikali Ngumi ilikuwa na jina refu kama treni ya mizigo. Ilikuwa kisanduku cha kijivu, ukubwa wa mkate, kilichofungwa kwa bolti sakafuni. Nyaya zilipita katikati ya taya zake. Siku njema taya zilikaa wazi na rubani akaendesha apendavyo. Msimamizi asipopendezwa na uelekeo wa ndege, taya zilifumba, mota za Ngumi zikaanza kuvuta nyaya zenyewe, na rubani akabaki na fimbo mkononi kama mtoto aliyekalishwa kwenye gari bovu.

Longinus alivua koti, akakunja mikono ya shati, akatoa mfukoni kitambaa cha hariri. Hakuwa mtu wa kukagua kwa macho. Aliukamata waya wa kwanza penye kanyagio, akauzungushia kitambaa, akaufuata polepole kuelekea mkiani. Waya wa chuma ni nyuzi nyingi zilizosokotwa, na uzi mmoja ukikatika jicho halioni, ila hariri inanasa.

Haikunasa.

Kila waya ulipopenya ukuta wa mbao, Twilumba alikuwa ameweka pete ya plastiki ngumu ili chuma kisilale kwenye mbao kikajila. Longinus alizigonga kwa ukucha, akauliza plastiki nzuri hivyo kaitoa wapi. Akaambiwa ni ubao wa kukatia nyama wa shemeji yake, na kwamba shemeji bado anautafuta. Kila roda, yaani kile kigurudumu chenye mfuo ambamo waya unapinda, ilikuwa na pini ya kuuzuia waya usiruke nje hata ukilegea. Karibu na bomba la moshi nyaya zilikuwa zimehamishwa mbali. Pale zilipopishana, kidole kizima kilipita katikati. Na chini ya viti vyote viwili, ambapo kisigino cha abiria au bisibisi iliyodondoka ingeweza kuzikwamisha, zilipita ndani ya handaki la mbao lenye kifuniko.

"Fimbo kushoto," Longinus aliagiza.

"Bawa la kushoto, kibawa kinapanda," Twilumba alijibu kutoka nje.

"Kulia."

"Cha kulia kinapanda. Unataka nikuimbie pia?"

Longinus alikuwa amefungua kifuniko cha handaki na kupiga magoti juu ya Ngumi, na alikawia hapo mpaka Twilumba akaacha kutabasamu. Chini kidogo ya taya za Ngumi kulikuwa na safu ya roda ambazo hazikubeba waya wowote. Zilikuwa zimepakwa mafuta. Kando yake kulikuwa na kijiti cha chuma, unene wa kalamu, kilichozishikilia nyaya juu ndani ya taya.

"Mtani," alisema, na mara hii hakukuwa na mzaha, "hizi roda zinamsubiri nani?"

Twilumba angeweza kudanganya. Uongo alikuwa nao, mwingi na wa kila saizi, na mwingine alikuwa ameuandaa mahususi kwa siku hiyo. Lakini aliitazama ile mikono ya mkaguzi iliyokuwa na mafuta yake, akaona aibu kuutumia.

Alimweleza bila kuficha. Ukichomoa kijiti, nyaya zinateleza kutoka kwenye taya, zinaangukia kwenye roda za chini, na Ngumi inabaki inafumba hewa tupu. Alikuwa amepanga kukichomoa juu ya ukingo wa mlima, si mapema, kwa sababu Ngumi ikikuta taya tupu inapiga kelele, na vyombo vya doria vingemfikia kabla hajavuka. Ng'ambo ya ukingo hakuna mnara. Pasipo na mnara Msimamizi haoni, na asipoona, sheria inasema hapo hapana anga.

"Kule chini ni Ngwazula," Longinus alisema.

"Kule chini ni kwetu."

Ngwazula ilikuwa bondeni. Barabara yake ilikuwa imemezwa na maporomoko, na serikali ikaamua kwamba watu wake ni wachache mno kuwatengenezea nyingine. Wakaambiwa wahamie juu, kwenye nyumba za ghorofa. Wengi walipanda. Wabishi walibaki, na Lutengano, kaka yake Twilumba, alikuwa mbishi wao mkuu. Tangu hapo ramani ya Msimamizi ilipaka weupe juu ya bonde lote.

"Lutengano atakusaidia nini ukifungwa?" Longinus aliuliza.

"Lutengano amefariki. Jana. Wameniita kwenye redio yake ya mkono. Wanamzika kesho mchana, na kuzunguka kwa miguu nitakuta majani yameota." Alijifuta mikono kwenye kanga kiunoni. "Hakuna Mngoni hata mmoja kule chini, Gama. Wamehama wote. Kaka yangu anafukiwa kama mzoga."

Hakumwomba kitu.

Longinus aliketi kwenye kiti cha abiria. Aliongea akitazama Ngumi. Alimkumbusha ile ndege iliyoangukia mnada, rubani akiwa amelewa; yeye alikuwa kijana kazini, na alifukua watu kwa mikono hii hii. Baada ya hapo yeye ndiye aliyezunguka ofisi baada ya ofisi akiitetea Ngumi mpaka ikawa sheria. Tangu ifungwe kwenye ndege, hakuna mtu aliyeangukiwa akiwa ananunua nyanya zake.

"Wewe unaona wanakunyima uhuru," alisema. "Mimi naona wale watu."

"Nami nawaona," Twilumba alijibu. "Ndiyo maana njia yangu haigusi paa hata moja. Kutoka ukingoni hadi mtoni ni msitu mtupu. Nikianguka, naua miti na kiburi changu."

"Na abiria wako?"

"Abiria sijamwona bado."

Mkaguzi alisimama, akamwambia amletee maji ya kunywa, kwa maana Wahehe hata mgeni hawamjali. Twilumba aliporudi, handaki lilikuwa limefungwa na skrubu zake zimekazwa, na msumari wa ukutani ulikuwa mtupu. Kwenye msumari ule alikuwa ametundika mbeta ya Lutengano, aliyompa alipohama bondeni, kile kipande cha mwanzi ambacho kaka yake alikingia ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi, tangu ujana, kilicholika kwa kushikwa mpaka kikawa laini kama shavu. Alitaka kumimina ulanzi nacho kaburini.

"Rudisha."

"Kesho utaikomboa," Longinus alisema, akivaa koti.

Twilumba alimpekua. Alipekua koti, begi, hata soksi, mkaguzi amenyoosha mikono juu na kulalamika kwamba anatekenywa. Haikuwemo. Akaondoka hivyohivyo, bila kusema kama asubuhi angekuja peke yake au na askari.

*

Alikuja peke yake, amevaa suti nyeusi.

Sikomi iliondoka kwenye njia ya trekta katikati ya mashamba ya chai, ikarukaruka kama mbuzi, kisha ikaachana na ardhi. Msimamizi aliwasalimia kwa ile sauti yake ya upole, sauti ya muuguzi anayekuficha sindano. Alimtakia Twilumba asubuhi njema, akampa pole ya msiba, maana alijua kila kitu, akamkumbusha kwamba njia yake inaishia ukingoni.

"Ahsante, mwanangu," Twilumba alisema, na akanyoosha moja kwa moja kuelekea ukingoni.

Fimbo ilikuwa hai mkononi. Aliusikia upepo ukivuta kibawa, ukipita kwenye waya, ukimfikia kwenye kiganja. Mashamba yaliisha, wachumaji na vikapu vyao wakabaki nyuma, msitu ukafunguka chini, mweusi na mnene, na mbele yake ukingo na weupe wa ukungu wa bondeni. Aliinama, akakishika kijiti kwa ncha yake iliyotokeza ubavuni mwa handaki, akavuta. Kilitoka kirahisi kama jino la utotoni.

Nyaya hazikushuka.

Ngumi ilifumba. Fimbo ilimponyoka Twilumba, ikajilaza kulia yenyewe, na ndege nzima ikaanza kugeuka kwa adabu kurudi ilikotoka.

"Nimekushika, Sikomi," Msimamizi alisema. "Tafadhali pumzika."

Twilumba aliipiga fimbo kwa kiganja, akaivuta kwa mikono miwili. Ilikuwa kama kuvuta mkia wa tembo. Kitu kilikuwa kimekaa kati ya nyaya na zile roda za chini, kimezizuia zisidondoke. Lile handaki lilikuwa limekaguliwa jana, kwa kitambaa na kwa vidole. Na aliyelifunga mara ya mwisho alikuwa mkaguzi mkuu wa mkoa.

Akageuza shingo. Longinus Gama alikuwa amegeuka rangi ya majivu.

"Mtani," alisema. "Mbeta."

"Mbeta iko wapi?"

"Nilijua ni mahali pekee ambapo usingepekua. Niliibana pembeni vizuri. Imebingirika."

Mtu huyu alikuwa amewanyang'anya watu leseni kwa kusahau bisibisi chini ya kiti. Twilumba alitafuta tusi la kutosha, akakosa, na yeye hakuwahi kukosa tusi maishani mwake.

Longinus alikuwa tayari amepiga magoti na kufungua skrubu. Mwanzi ulionekana, umelala chini ya nyaya, umeminywa. Kuutoa ilikuwa lazima kuupasua, na kuupasua ilikuwa lazima kuingiza mkono kati ya nyaya zilizokaza kama chuma cha mlango na roda zilizokuwa zikizisubiri. Alisema haraka anachokijua kuhusu Ngumi: ikimaliza kugeuza ndege, inalegeza kidogo kupoza mota, kama mtu anayevuta pumzi. Wakati huo mkono unaingia na kutoka salama.

"Itamaliza kugeuka tukiwa wapi?" Twilumba aliuliza.

Wote wawili walitazama nje. Bawa lilikuwa likielekeza kwenye mashamba ya chai. Nguo za wachumaji zilionekana, nyekundu, njano, zimetapakaa kwenye kijani. Nyaya zikidondoka vibaya pale, zikakosa roda, Sikomi isingekuwa na usukani wowote, wa mtu wala wa Ngumi. Ingeangukia vikapu.

Hapo walipokuwa, bado msitu ulikuwa chini yao. Na hapo walipokuwa, Ngumi ilikuwa imekaza kwa nguvu zake zote.

Twilumba aliifikiria mbeta, na kaka yake amelala chini ya jamvi, na watu wamekaa wakimsubiri. Kisha aliitazama mikono ya Longinus. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuchonga ubavu wa kwanza wa ndege ile, ubishi ulimwishia.

"Funga kifuniko," alisema. "Turudi. Sitaki kumzika Lutengano kwa vidole vya mtu."

Longinus aliinua uso. Jasho lilikuwa likimtoka, lakini macho yalikuwa yamerudiwa na ule ujeuri wa mlangoni.

"Leo nimemwona Mhehe anakimbia," alisema. "Nitasimulia Songea nzima. Nitakodi kipaza sauti."

Akaingiza mkono.

Twilumba aliusikia mwanzi ukipasuka. Nyaya zilidondoka kwa kishindo kimoja, zote pamoja, kama geti la chuma, na fimbo ikaruka mkononi mwake, hai, nyepesi, yake. Aliilaza kushoto. Sikomi ilisita, ikatetemeka, ikageuka. Nyuma yake Longinus alitoa sauti fupi, ya chini, kama mtu aliyeonja chai ya moto. Taya za Ngumi zilifumba na kufumbua bila kushika kitu.

"Sikomi, sikushiki tena," Msimamizi alisema, na ungeapa kwamba alishangaa. "Taja aliyeshika usukani."

"Twilumba binti Kikoti, wa Ngwazula."

"Mahali hapo hapapo. Mkaguzi Gama, thibitisha hali ya nyaya."

Longinus alikuwa amekizungushia kitambaa cha hariri kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, au kile kilichobaki cha kidole hicho. Hariri ilikuwa imekwisha kubadilika rangi. Alisogea karibu na redio na kuzungumza kwa ile sauti yake ya ofisini, iliyonyooka kama rula.

"Hapa mkaguzi Gama. Nyaya nimezikagua kwa mkono wangu. Ziko sawa. Kasoro iliyokuwepo ni kitu kigeni ndani ya handaki, na kiliwekwa na mkaguzi. Andika hivyo, na jina langu lote."

Ukingo ulipita chini yao. Msimamizi aliendelea kuita, kwa upole uleule, sauti ikikatikakatika, mpaka ukungu ukaimeza.

*

Ngwazula walisikia mlio kabla ya kuona kitu, na baadhi yao walivumisha kwamba ni serikali imekuja. Sikomi ilitua kwenye shamba la mahindi yaliyokwishavunwa, ikala mabua ya nusu ekari, ikasimama. Walipoona ni Mngoni anayeshuka kwanza, suti nyeusi, mkono umefungwa, mama mmoja mzee alipiga kigelegele msibani, na hakuna aliyemkanya.

Longinus hakusalimia mtu. Alipita katikati ya waombolezaji mpaka kaburini, akarukia ndani na viatu vyake vya ofisini, akaketi, akaegemea ukuta wa udongo.

"Pazuri," alisema. "Nimehamia. Huyo wenu mtafutieni kwingine."

Watu walicheka na kulia kwa pamoja, kama inavyotakiwa. Walimpa kuku, akasema ni njiwa aliyevimba. Walimpa paja la mbuzi; akasema kwa Wahehe hawezi kuwa na hakika ni mbuzi. Alikataa kila kitu mpaka Twilumba mwenyewe akasimama kwenye ukingo wa kaburi, akamwuliza anataka nini, yeye aliyevunja mbeta ya marehemu na ambaye kwa haki ndiye aliyepaswa kulipa.

Longinus alitoa mfukoni vipande vya mwanzi, akavipanga chini, mahali ambapo kichwa cha Lutengano kingelala. Kisha akaunyoosha ule mkono mzima.

"Kijiti."

Kilikuwa kwenye fundo la kanga yake. Twilumba alikigusa. Bila kijiti kile nyaya zisingepanda tena kwenye taya za Ngumi. Angechonga kingine, ndiyo, lakini wote wawili walijua kinachoombwa hakikuwa chuma. Mkononi mwa mkaguzi kilikuwa ushahidi wa kutosha kumfunga. Alimtazama yule mtu ameketi kaburini, ambaye aliwahi kufukua watu mnadani na kuitafutia Ngumi sheria, akatafuta machoni mwake ni nani hasa anayeomba, mkaguzi au mtani. Hakuona.

Alifungua fundo, akampa.

Longinus alikipima kiganjani. "Ngumi ni kitu kizuri," alisema, na sauti ilikuwa ya chini, ya yeye na Twilumba tu. "Nitasema hivyo hata kizimbani. Ila haijui kuwa mahali hapa papo, na mimi nimekaa humu. Utapita juu ya msitu, kila mara?"

"Kila mara."

"Hata ukiwa na haraka?"

"Hata nikiwa nafukuzwa."

Alikichomeka kijiti wima kati ya vipande vya mbeta, akakikanyaga kwa kisigino mpaka kikazama chote, akasawazisha udongo kwa kiatu. Ndipo alipoinua mkono avutwe.

"Mmelipa," aliwatangazia watu. "Mleteni."

Walimzika Lutengano mchana ule kwa heshima zote, mtani wake akiwepo. Baadaye, watu walipokuwa wakila, mama mzee wa kigelegele aliuliza hao wageni watarudi juu kwa njia ipi, ikiwa serikali imekwishajua. Longinus alisema watapita palepale walipopita, kwa kuwa ofisi yake iko kule na anataka kufukuzwa ana kwa ana.

Twilumba hakusubiri kumaliza kula. Alimfungua mtani wake kidole, akamfunga upya kwa kitambaa safi, akachukua ile hariri yenye damu na kwenda nayo shambani. Alifungua handaki, akachungulia, akapapasa kila pembe, kwa sababu Mngoni ni Mngoni. Kisha akauzungushia hariri waya wa kwanza penye kanyagio, akaufuata polepole, roda kwa roda, pete kwa pete, mpaka mkiani.

Haikunasa popote.